Kauli za Hitilafu: Nafasi ya Kitenzi cha Kiswahili katika Utambuzi wa Kasoro za Kompyuta za Biashara Ndogo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa na wafanyakazi wa biashara ndogo wanapomweleza fundi kwamba kompyuta yao ina kasoro. Hoja kuu ni kwamba juhudi za kukiendeleza Kiswahili katika uwanja wa kompyuta zimejishughulisha mno na nomino, ilhali kazi ya kutambua kasoro hufanywa na kitenzi: minyambuliko yake, njeo zake na viambishi vyake vya kiima. Inaonyeshwa kuwa kauli ya kutendeka humficha mtenda, na kwamba ufichaji huo una manufaa ya kijamii lakini una gharama ya kiufundi. Inaonyeshwa pia kuwa Kiswahili chenyewe kina nyenzo za kuifidia gharama hiyo. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa waundaji wa istilahi, watafsiri wa programu na walimu wa sarufi.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umekuwapo kwa muda mrefu, na aghalabu umeendeshwa kana kwamba swali lake ni moja tu: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, linaacha kando jambo moja la msingi. Lugha ya teknolojia haitumiki kutajia vitu tu, bali hutumika pia kuelezea matukio, na hasa matukio yasiyotakiwa. Duka la vifaa vya ujenzi la Kariakoo lenye kompyuta tatu, printa moja na ruta moja halihitaji kila siku jina sanifu la kila kipande kilichomo ndani ya kompyuta. Linahitaji, karibu kila siku, sentensi ya kumwambia fundi ni nini kimetokea.

Fundi huyo anastahili kuelezwa. Katika taasisi kubwa kuna idara nzima, fomu za kujaza na kumbukumbu za matengenezo. Katika biashara ndogo yupo mtu mmoja: pengine mhasibu mwenye kipaji cha mashine, pengine kijana anayehudumia maduka kadhaa ya mtaa mmoja na kuitwa kwa simu. Kazi yake imezidi kuwa nyeti kadiri biashara zinavyotegemea vyombo vya kielektroniki. Nchini Tanzania, kwa mfano, mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika mwaka 2010, na tangu hapo kasoro ya mashine mezani imekuwa pia suala la kodi na sheria. Mara nyingi fundi huyu huanza uchunguzi akiwa hajaiona mashine. Anachopewa kwanza ni maneno. Kwa hiyo ushahidi wake wa kwanza ni wa kiisimu, na uamuzi wake wa kwanza ni wa kufasiri sentensi.

Mifano iliyotumika katika makala haya ni kauli za kawaida zinazosikika katika maduka na ofisi ndogo za mijini nchini Tanzania. Haikukusanywa kwa hojaji, na makala hayadai lolote kuhusu wingi wa matumizi yake. Uchambuzi wetu ni wa kisarufi na wa kipragmatiki.

2.0 Nomino zilizoundwa, vitenzi vilivyojizalia

Historia ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili inafahamika vya kutosha, nasi tutaigusa kwa ufupi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na orodha zake za tafsiri sanifu zimezihudumia fani nyingi. Chombo chenyewe kimepata majina matatu: kompyuta, ngamizi na tarakilishi, hili la mwisho likiwa na nguvu zaidi nchini Kenya. Chombo kidogo cha kuelekezea mshale kimeitwa kipanya, puku na mausi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili, na katika miaka ya 2000 kampuni ya Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili vya programu zake. Hizi ni juhudi za kuheshimiwa.

Hata hivyo, mtu akizipitia orodha za istilahi ataona kuwa sehemu kubwa ni nomino. Vitenzi vya kuelezea kasoro havikuundwa na kamati yoyote. Wasemaji walivipata wenyewe, kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni upanuzi wa maana. Kompyuta huganda, hukwama, hufa na hugoma, mtandao haushiki, flashi haisomi. Njia ya pili ni kutumia kitenzi -piga pamoja na nomino, kwa kufuata ruwaza kongwe ya kupiga pasi, kupiga chapa na kupiga simu. Ndiyo sababu mafundi husema kupiga Windows, wakiwa na maana ya kuiweka upya programu endeshi. Njia ya tatu ni ukopaji unaofuatiwa na unyambulishaji: -fomati na -skani vimekopwa, na msemaji hasiti kuvinyambua akisema flashi haifomatiki. Njia ya nne ni tafsiri ya sitiari ya kigeni, kama katika kuchoma sidii.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vitenzi hivi, viwe vya asili au vya kukopa, huingia mara moja katika mfumo wa mnyambuliko. Nomino mpya inaweza kubishaniwa kwa miaka ishirini. Kitenzi kipya hupata kauli ya kutendeka siku ileile kinapoingia dukani. Kauli hiyo ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa makini.

3.0 Kauli ya kutendeka na suala la mtenda

Tangu sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 imekwisha kuelezwa kwamba kauli ya kutendeka huonyesha hali bila kumtaja mtenda, tofauti na kauli ya kutendwa ambayo humdokeza mtenda hata pale asipotajwa. Imeelezwa pia kwamba kauli hiyohiyo huweza kuonyesha uwezekano. Faili halifunguki ina maana mbili: kwamba faili halipo katika hali ya kufunguka, na kwamba haiwezekani kulifungua. Maelezo haya hufundishwa darasani kwa mifano ya vikombe na milango. Tunaona kuwa yana matumizi mapana zaidi katika kazi ya ufundi.

3.1 Sentensi nne za kuzima

Tutazame mfano ufuatao:

(1) a. Kompyuta imezimwa.
b. Kompyuta imezimika.
c. Kompyuta imejizima.
d. Kompyuta imezima.

Sentensi hizi nne huweza kusemwa kuhusu skrini moja nyeusi, lakini kila moja humpeleka fundi mahali tofauti. Katika (1a) kuna mtenda, ingawa hakutajwa. Mtu amebonyeza kitufe, na pengine hakuna kasoro yoyote. Katika (1b) hakuna mtenda, na msikilizaji huelekea kuitafuta sababu nje ya chombo: umeme umekatika, kebo imelegea, swichi ya ukutani imeguswa na fagio, au betri ya kifaa cha kutunzia umeme imechakaa. Katika (1c) kiambishi rejeshi -ji- kinaiweka sababu ndani ya chombo chenyewe. Hapa fundi hufikiria joto kwanza. Feni iliyojaa vumbi haiondoi joto, na prosesa inapopata joto kupita kiasi kompyuta hujilinda kwa kujizima. Baada ya joto atafikiria pawasaplai iliyodhoofika.

Sentensi (1d) ndiyo inayosikika kwa wingi katika mazungumzo, nayo ndiyo yenye taarifa chache kuliko zote. Kitenzi -zima, ambacho kwa asili yake ni elekezi, hapa kimetumika bila yambwa na kimebeba maana zote tatu zilizotangulia. Kazi ya kwanza ya fundi anayepigiwa simu ni kuivunja (1d) ili apate mojawapo ya (1a), (1b) au (1c). Anapouliza, “Taa za dukani zinawaka?” anaipima (1b). Anapouliza, “Ukiigusa nyuma, ina joto?” anaipima (1c). Maswali yake huonekana kuwa ya umeme na joto, lakini yakichunguzwa yataonekana kuwa pia ni maswali ya kisarufi: ni kiambishi gani kilichopaswa kuwapo katika sentensi ya mteja?

3.2 Kufuta, kufutwa, kufutika

Mfano wa pili una uzito mkubwa zaidi kwa sababu unahusu watu na heshima yao.

(2) a. Nimelifuta faili la mauzo.
b. Faili la mauzo limefutwa.
c. Faili la mauzo limefutika.
d. Faili la mauzo limepotea.

Karani anayesimama mbele ya mwenye duka atachagua (2c) au (2d). Si lazima awe anasema uongo. Sarufi ya Kiswahili inamruhusu kueleza matokeo bila kumtaja aliyeyaleta, kama mtoto anavyosema kikombe kimevunjika akiwa ameshika mkono wa kikombe hicho. Kwa istilahi za Brown na Levinson (1987), kukiri kwa kutumia nafsi ya kwanza kunahatarisha uso wa msemaji. Kauli ya kutendeka inausitiri. Katika duka dogo hatari hiyo si ya nadharia. Karani anaweza kukatwa mshahara au kupoteza kazi.

Tatizo ni kwamba fundi anamhitaji mtenda, si ili amlaumu bali ili ajue tendo lenyewe. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida kutoka katika kompyuta huenda kwanza katika pipa la taka, na kurejeshwa kwake ni kazi ya dakika moja. Faili lililofutwa kutoka katika flashi kwa kawaida halipiti huko. Zaidi ya hayo, katika diski za sumaku ufutaji huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo, na maandishi yenyewe hubaki mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. Kwa hiyo kila dakika ambayo kompyuta inaendelea kutumika inapunguza uwezekano wa kulipata. Sitara ya kisarufi inayomlinda karani inaweza kulipoteza faili moja kwa moja, kwa kuwa wakati unapita huku ukweli ukizungukwa.

Fundi anayeuliza, “Nani amelifuta?” hujibiwa kwa kimya. Fundi mzoefu huuliza hivi:

(3) Dada, faili lilionekana mara ya mwisho lini, na baada ya hapo kulifanyika nini?

Tuangalie kiambishi ku- katika kulifanyika. Ni kiima cha mahali, na kimeungana na kauli ya kutendeka. Sentensi (3) haimtaji mtu, haimwombi mtu akiri, bali inalitaka tendo. Fundi ameikubali sitara ya mteja na papo hapo ameomba taarifa ambayo sitara hiyo iliificha. Hii ni nyenzo ya Kiswahili halisi. Hakuna semina iliyomfundisha. Tunadai kuwa uteuzi huu wa kiima cha mahali ni sehemu ya ujuzi wa ufundi sawa na uteuzi wa bisibisi.

4.0 Njeo na hali kama vipimo

Baada ya suala la mtenda huja suala la wakati. Hapa pia Kiswahili hutofautisha mambo ambayo fundi anahitaji yatofautishwe.

(4) a. Printa haichapi.
b. Printa haijachapa.
c. Printa haikuchapa.

Sentensi (4a) inataja hali ya jumla. Sentensi (4b), kwa kiambishi -ja-, inabeba matarajio: kazi imetumwa na bado inangojewa. Sentensi (4c) inalifunga tukio: kazi ilitumwa, wakati wake ukapita, haikuchapwa. Kwa kompyuta tofauti ya (4b) na (4c) ni tofauti halisi. Kazi za kuchapa hupangwa foleni, na kazi moja iliyokwama mbele huzuia zote za nyuma yake. Karani anayeifasiri (4b) kuwa (4c) hutuma ankara ileile mara tano. Foleni inapofunguliwa, ankara tano hutoka, na mteja aliyekwisha kuondoka na nakala ya kuandikwa kwa mkono anaonekana katika vitabu kuwa amenunua mara sita.

Tofauti ya pili ni ya tukio moja na tukio la mazoea:

(5) Nilipofungua programu ya hesabu, kompyuta ilijizima.
(6) Nikifungua programu ya hesabu, kompyuta hujizima.

Sentensi (5) ni masimulizi. Sentensi (6), kwa muungano wa -ki- na hu-, ina umbo la kanuni: sharti likitimia, matokeo hufuata. Kazi yote ya kutafuta kasoro inaweza kuelezwa kama safari ya kutoka (5) hadi (6). Fundi anapewa tukio; anajaribu kulirudia; anabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kebo kwanza, kisha tundu la umeme, kisha programu; na anapoweza kusema (6) bila kukosea, kasoro imepatikana hata kama haijatengenezwa. Msomi wa sayansi ataitambua hapa njia ya dhanio na jaribio. Msomi wa isimu atatambua kwamba njia hiyo ina viambishi vyake.

Ipo pia kauli ya tatu, inayowachosha mafundi kuliko zote:

(7) Mara inawaka, mara haiwaki.

Urudiaji wa mara unaeleza kasoro isiyo na sharti linalojulikana. Aghalabu kasoro ya namna hii hutokana na kiungo kilicholegea au kipande kinachobadilika kwa joto. Msemaji wa (7) anastahili kusifiwa, kwa kuwa amekataa kulazimisha kanuni pasipo na kanuni.

5.0 Visa vitatu

Ili kuonyesha jinsi vipengele hivi vinavyofanya kazi kwa pamoja, tutaeleza visa vitatu vya kawaida katika biashara ndogo. Kila kimoja kinaanza na kitenzi kilichoelekeza uchunguzi mahali pasipostahili.

5.1 Printa iliyokufa

Umeme umekatika usiku na kurudi alfajiri. Asubuhi karani anasema: “Fundi, printa imekufa.” Fundi anafika na kuikuta printa inawaka taa zote, na ikiamriwa kwa vitufe vyake yenyewe inachapa ukurasa wa majaribio. Haijafa. Kilichotokea ni kwamba ruta hugawa anwani kwa vyombo vyote vya mtandao, na anwani hizo kwa kawaida ni za muda. Umeme uliporudi printa ilipewa anwani mpya, tuseme 192.168.1.23 badala ya 192.168.1.20, huku kompyuta zikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Dawa ni kuitengea printa anwani isiyobadilika katika ruta.

Kitenzi -fa kina kiima kimoja, nacho kinakiweka chanzo cha kasoro ndani ya kiima hicho. Lakini kasoro hii haikuwa ndani ya printa wala ndani ya kompyuta. Ilikuwa kati yake. Mafundi wana kauli inayofaa:

(8) Kompyuta na printa hazionani.

Kauli ya kutendana, ambayo vitabu vya sarufi huifundisha kwa mifano ya kupendana na kupigana, inapata hapa kazi mpya ya kutaja kasoro za mtandao. Kompyuta hazionani, hazisomani, hazipatani. Kiambishi -an- kinamwambia msikilizaji kwamba asikitafute kipande kilichoharibika bali auchunguze uhusiano uliovunjika. Ni vigumu kupata nomino inayosema hayo kwa ufupi huo.

5.2 Mtandao unaokataa

Karani mwingine anasema: “Mtandao unakataa.” Simu yake, inayotumia ruta ileile, inafungua kurasa zote bila shida. Kompyuta ya mezani haifungui hata moja. Fundi anaitazama pembe ya skrini na kukuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo ya volti 3, ya aina ya CR2032 kwa nyingi kati yake, inayoilinda saa wakati umeme haupo. Duka huzima umeme wote kila jioni; betri imekwisha; saa inaanza upya kila asubuhi. Kurasa salama za intaneti huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kivinjari kikilinganisha cheti na saa yenye makosa, huona kwamba cheti hakijaanza kutumika, na kinakataa kuendelea.

Hapa kitenzi -kataa ni cha kweli, ila kiima chake sicho. Anayekataa ni kivinjari, wala hakatai bila sababu. Kitenzi hiki hudai kijalizo: kukataa nini? Ndiyo maana fundi huuliza, “Kinapokataa kinaandika nini? Nisomee.” Mara nyingi kilichoandikwa kipo kwa Kiingereza, na pengine kilitaja waziwazi kwamba saa ina makosa. Karani hakukisoma, au alikisoma asikielewe, akaufupisha ujumbe mzima kwa kitenzi kimoja. Hatuwezi kumlaumu. Aliyepewa ujumbe katika lugha asiyoifanyia kazi hubaki na mhemko wake tu, na mhemko wa ujumbe huo ni ukataaji.

5.3 Mafaili yaliyopotea

Kisa cha tatu ndicho chenye hasara kubwa. Mteja analeta flashi na kusema: “Virusi wamekula mafaili yangu yote.” Flashi ikifunguliwa huonyesha alama za njia ya mkato tu, au haionyeshi kitu. Ipo aina ya programu hasidi, iliyoenea sana kwa njia ya flashi, inayoyaficha mafaili halisi kwa kuyapa sifa ya kutoonekana, kisha kuweka njia za mkato badala yake. Mtu akibonyeza njia ya mkato huisambaza programu hiyo katika kompyuta. Mafaili yenyewe hayajaliwa. Yamo, na nafasi iliyotumika katika flashi inathibitisha hivyo.

Fundi anayekipokea kitenzi -la kama kilivyo atasema, “Basi tuifomati.” Akiifomati, mafaili yaliyokuwa yamefichwa tu yatapotea kwa kweli. Fundi mwingine atauliza kama yamepotea au hayaonekani, na atarejesha kila kitu kwa kuiondoa sifa ile ya kuficha baada ya kuisafisha flashi. Kati ya -liwa, -potea, -fichwa na -onekana kuna hesabu za mwaka mzima za biashara ya mtu.

Kisa hiki kina jambo la ziada kwa mwanasarufi. Neno virusi lilikopwa likiwa na umbo linalofanana na wingi wa ngeli ya KI-VI, na wasemaji wamelizalishia umoja, kirusi. Kwa upatanisho wa umbo tungetarajia virusi vimekula. Lakini msemaji aliyesema virusi wamekula ametumia upatanisho wa viumbe hai, na kwa kufanya hivyo amekamilisha picha ya mtenda mwenye nia. Upatanisho wa kisarufi hapa ni nadharia ndogo kuhusu asili ya kasoro.

6.0 Je, sitiari ni upungufu?

Huenda ikadaiwa kwamba kufa, kugoma, kula na kukataa ni dalili ya watumiaji wasioelewa chombo, na kwamba lugha ya kisayansi haina tashihisi. Dai hili halisimami. Wahandisi wa Kiingereza huita kasoro ya programu kwa jina la mdudu. Thomas Edison alilitumia jina hilo kwa maana ya kasoro za kiufundi katika barua ya mwaka 1878, na tarehe 9 Septemba 1947 wahudumu wa kompyuta ya Mark II huko Harvard walimbandika nondo halisi katika daftari lao la kazi kwa mzaha. Sitiari ya virusi nayo ilitangazwa na maandishi ya Fred Cohen ya mwaka 1984. Kila lugha iliyopokea kompyuta imeikaribisha kwa sitiari.

Suala, kwa hiyo, si kuwepo kwa sitiari bali kitendo ambacho kila sitiari inakialika. Kilichoganda husubiriwa kiyeyuke, na mara nyingine kusubiri ni sahihi. Kilichokwama husukumwa, na karani huanza kubonyeza vitufe vyote. Kilichogoma hubembelezwa kwa kujaribu tena. Kilichokufa huzikwa, na mwenye duka hununua printa mpya asiyoihitaji. Fundi hana sababu ya kumkemea mteja kwa sitiari yake. Anachopaswa ni kuijua njia ambayo sitiari hiyo inampeleka mteja, ili amtangulie mbele yake.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kwa waundaji wa istilahi. Orodha za istilahi za kompyuta ziorodheshe vitenzi pamoja na minyambuliko yake yenye maana ya kiufundi. Haitoshi kuandika -zima. Yaandikwe pia -zimwa, -zimika na -jizima, kila kimoja na fasili yake. Vivyo hivyo kwa -ona na -onana, -futa na -futika.

Pili, kwa watafsiri wa programu. Ujumbe kama “Hitilafu imetokea” ni Kiswahili sahihi lakini hauna mtenda, hauna tendo wala sharti. Ni (1d) iliyovaa suti. Ujumbe bora utaje kiima halisi na tendo lililoshindikana: “Kompyuta haikupata jibu kutoka kwa printa.” Aidha, tofauti ya -ja- na -ku- izingatiwe kwa makini sana katika ujumbe wa malipo. “Malipo hayajakamilika” humwambia mfanyabiashara angoje. “Malipo hayakukamilika” humruhusu kulipa upya. Anayezichanganya kauli hizi humlipisha mtu mara mbili.

Tatu, kwa walimu wa sarufi na kwa biashara zenyewe. Daftari la kawaida likiwekwa kando ya kompyuta linaweza kupokea taarifa ya kasoro kwa maswali manne: Nini kinaonekana au hakionekani? Kulikuwa kukifanyika nini? Hutokea kila mara, au imetokea mara moja? Kimeandikwa nini kwenye skrini, neno kwa neno? Maswali haya yanafuata mpangilio wa makala haya: hali, tendo lisilotaja mtu, mazoea dhidi ya tukio, na ushahidi. Mwanafunzi anayefundishwa kauli ya kutendeka kwa maswali hayo atajua pia kwa nini kauli hiyo ipo.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kasoro ya kompyuta, kabla ya kufikia mikono ya fundi, hupita katika sarufi ya mteja, na kwamba sarufi hiyo huweza kuificha au kuifichua. Kauli ya kutendeka humsitiri mtu na hufunika tendo. Kiima cha mahali hulirudisha tendo bila kumwanika mtu. Kauli ya kutendana hutaja uhusiano uliovunjika. Viambishi -ki- na hu- hutoa umbo la kanuni. -Ja- na -ku- hutenganisha kinachongojewa na kilichokwisha. Nyenzo hizi hazikuagizwa kutoka nje wala hazikusubiri kamati. Zinatumika sasa hivi, mezani, na watu ambao hawajioni kuwa wanaendeleza lugha ya sayansi. Wajibu wa wanaisimu ni kuziandika zikiwa hai, ili orodha ijayo ya istilahi za kompyuta itakapochapwa, fundi wa Kariakoo aweze kuifungua na kuikuta humo lugha anayoifanyia kazi.